Barua kwa mpwa wangu: mwaka 1728

Mpwa wangu,

Siku ile Ngomeni ulisimama kando ya mzinga ukasema, "Mjomba, kumbe historia yetu yote imeandikwa na wageni." Sikukujibu, jua lilikuwa kali na wewe macho yalikuwa kwa muuza madafu. Nakujibu leo, kwa mwaka mmoja tu.

Ngome ya Yesu ilikuwa mikononi mwa Waomani tangu Desemba 1698, walipoitwaa kutoka kwa Wareno baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Baadaye huko Oman wakaanza kugombania uimamu, yaani utawala wa nchi, na mfalme wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, akaona upenyo. Akawageukia Wareno wa Goa, koloni lao la India, walewale waliofukuzwa. Machi 1728 bendera yao ikapanda tena Mombasa. Novemba 1729 wakatolewa, safari hii moja kwa moja.

Sasa nisikilize. Mwaka huohuo wa 1728, 1141 Hijria, ndio tarehe ya Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo bin Athumani hukohuko Pate, kwa ajili ya mfalme. Ni zaidi ya beti elfu moja, kila mshororo mizani nane, vina vitatu vinashikana na cha nne kinatembea mpaka mwisho wa utendi. Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu. Na herufi hizo hazikuwa na "p", kwa hiyo "pata" na "bata" ziliweza kuandikwa sawasawa. Msomaji alitegemea maana na sikio lake. Wewe unalalamikia ujumbe wa simu usio na nukta!

Kinachonichekesha ni kisa chenyewe. Utendi unahusu Waislamu kupigana na Herekali, mfalme Mkristo wa Rumi. Safari halisi ya Mtume Muhammad kwenda Tabuk, ndiyo hiyo Tambuka, mwaka 630, iliisha bila vita. Mwengo yeye kamwaga damu beti kwa beti. Na haya yanasomwa Pate, ambako mfalme ametoka kupatana na Wakristo wa Ureno! Mimi naona mshairi alijua anachokifanya, ingawa siwezi kukuapia.

Likizo ukija, tupande basi mpaka Mokowe, tuvuke Lamu, kisha tutafute mashua ya Mtangawanda, bandari ya Pate. Uje na subira: maji yakiwa yamekupwa pale Mkanda, mlango mwembamba wa bahari njiani, tutangoja yajae.

Mjomba wako