Risala kwa Mgeni Rasmi: Raha ya Mzee Aichague Mwenyewe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wazee wetu mliokaa safu za mbele, shikamooni,
Viongozi, walezi na wageni waalikwa,

Sisi wawezeshaji wa vipindi vya burudani kwa wazee tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuungana nasi katika Siku ya Kimataifa ya Wazee. Siku hii iliamuliwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 14 Desemba 1990, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Oktoba 1991. Mwishoni mwa mwaka huohuo Baraza lilipitisha kanuni 18 zinazowahusu wazee, na mojawapo inataka wazee wafikiwe na huduma za jamii za elimu, utamaduni, imani na burudani. Burudani imetajwa humo bega kwa bega na elimu na imani. Tumeanzia hapo kwa sababu mipango ya wazee inapokaliwa kikao, dawa hutajwa, chakula hutajwa, malazi hutajwa, na burudani huwekwa mwisho, ifanyike kama muda utabaki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukisema "burudani ya wazee", wengi huona picha hii: viti vimepangwa safu, wazee wameketi, vijana wanacheza mbele yao, spika zinanguruma, na mwishoni wazee wanapiga makofi. Wapo wanaoipenda, na hatuwanyimi. Lakini anayeipanga kila mara namna hiyo amejibu swali ambalo hakuwauliza wenyewe.

Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameeleza kwamba mtu anapohisi muda uliobaki ni mfupi, huacha kutafuta watu wengi wapya na kushika wale wachache wenye maana kwake. Kijana huenda kwenye sherehe ili akutane na asiowajua. Mzee mara nyingi anataka kukaa na wawili watatu wanaojua jina lake la utani na sababu ya jina hilo. Kwa hiyo ukumbi wa watu 60 unaweza kuwa mpweke kuliko meza ya watu 4. Tunapopanga kipindi tunagawa watu 4 hadi 8 kwa meza, na hatumtenganishi mtu na rafiki yake kwa ajili ya usawa wa hesabu.

La pili ni uamuzi. Mwaka 1976 watafiti Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika nyumba ya kulelea wazee huko Connecticut, Marekani. Kundi moja la wazee liliambiwa lijiamulie mambo madogo: kila mmoja achague mmea na kuutunza mwenyewe, na achague siku ya kutazama filamu, Alhamisi au Ijumaa, au asiende kabisa. Kundi la pili lilipata mimea hiyohiyo na filamu hiyohiyo, ila wahudumu ndio waliomwagilia na ndio waliopanga siku. Kundi lililojiamulia lilionekana kuchangamka zaidi na kushiriki zaidi. Filamu ilikuwa ileile, kilichotofautiana ni nani aliyeichagua siku yake.

Namna ya kuuliza nayo ina ufundi wake. Ukimuuliza mzee "Unapenda nini?", wengi watajibu "Chochote tu, mwanangu," na kikao kimefungwa. Muulize: "Enzi zile, kazi ikiisha jioni, ulikuwa unafanya nini?" Hapo utasikia habari za mpira, kushona, kwaya, uvuvi, redio, kubishana siasa. Halafu muulize kipi kati ya hivyo amekiacha, na kwa nini. Jibu la "kwa nini" ndilo la kufanyia kazi. Aliyeacha kushona huenda haoni tundu la sindano, na aliyeacha kwaya huenda anaogopa ngazi. Anayesema "mimi sitaki, hayo ni ya watoto" anaweza kuwa anamaanisha hivyo hasa, na haki yake iheshimiwe. Lakini mara nyingine kukataa hufunika kitu kingine: hasikii vizuri na anaona aibu kuuliza tena na tena, mkojo humponyoka, au mwenzake aliyekuwa akitoka naye amefariki. Usimbembeleze mbele za watu. Kaa naye pembeni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sehemu kubwa ya raha huharibika kwa mambo ambayo kijana mwenye macho na masikio mazima hayaoni.

Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takriban theluthi moja ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa miaka 20, kwa kuwa mboni hupungua upana na lenzi hugeuka kuwa na umanjano. Umanjano huo hufanya bluu na kijani zifanane. Drafti yenye kete za bluu na kijani inamchosha mzee kabla hajacheza. Mpe nyeupe na nyeusi, au nyeupe na nyekundu. Meza iwekwe dirisha likiwa ubavuni. Likiwa mbele yake, litampiga machoni na uso wa mwenzake utakuwa kivuli kitupu.

Masikio nayo huanza kupoteza sauti nyembamba. Irabu zinafika, lakini s, f, sh na t zinapotea, ndiyo maana mzee hujua unasema bila kujua umesema nini. Kumpigia kelele hakusaidii, kwani kelele hukuza irabu zilezile anazozisikia tayari. Zima muziki unapozungumza, simama umbali wa mita 1 hadi 2, uso wako uwe kwenye mwanga, shusha sauti iwe nzito kidogo, na kata sentensi fupi. Ukumbi wenye sakafu tupu na kuta tupu hurudisha mwangwi. Tandika vitambaa mezani, ning'iniza mapazia, na punguza spika.

Saa ya kipindi pia. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo na humezwa asubuhi, hivyo saa chache zinazofuata mtu anahitaji choo mara kwa mara. Kipindi cha saa mbili asubuhi kinamlazimisha aache dawa au abaki nyumbani. Sisi huanza saa nne au baadaye, dakika 45, mapumziko ya robo saa, kisha nusu saa nyingine. Choo kiwe karibu na njia yake ijulikane tangu mwanzo. Wengi hujinyima maji kwa kuogopa choo, na kwa kuwa kiu yenyewe hupungua uzeeni, matokeo ni kizunguzungu ambacho watu hukiita uchovu wa sherehe.

Tuseme habari ya karata, maana meza ya karata ni shule nzima. Mikono yenye baridi yabisi haiwezi kushika kadi 13 zikiwa zimepanuliwa kama feni. Zinaanguka, wenzake wanaziona, anacheka kwa aibu, na wiki inayofuata haji. Watu husema amechoka na karata. Hakuchoka na karata hata kidogo. Anahitaji kipande cha mbao cha urefu wa sentimita 30, upana wa sentimita 8 na unene wa sentimita 4. Fundi akate mfereji mmoja kwa urefu wote, kina cha sentimita 1 na nusu, upana wa milimita 3, ukiwa umelalia kidogo upande wa mchezaji. Mfereji ukisimama wima kabisa, kadi huinamia mbele na kuonekana na wote. Urefu wa 30 una hesabu yake: kadi ina upana wa sentimita 6 hivi, na kila kadi inayofuata ikionyesha sentimita 2 za pembeni, kadi 13 zinatimia hapo. Piga msasa kingo zote, kwa kuwa ngozi ya mzee huchubuka upesi. Kama hakuna fundi, geuza brashi ngumu ya kusugulia sakafu, iliyo mpya, manyoya yakiangalia juu, uchomeke kadi katikati ya manyoya. Inashika vizuri. Kisha tandika kitambaa kizito juu ya meza, kwa sababu kadi iliyolala kwenye meza laini haiokoteki kwa vidole vigumu, ila kitambaa kikibonyea kidogo ukucha hupata pa kuingilia.

Na tafadhali, asiachiwe ushindi. Aliyecheza karata miaka 50 anajua mara moja kwamba umetupa kadi mbovu makusudi, na anaumia. Tofauti ya uwezo ikiwa kubwa, badilisha wenza: mwenye kumbukumbu kali akae upande mmoja na aliyeanza kusahau, wacheze wawili kwa wawili. Mchezo ukiwa mgeni kwao, fundisha kanuni moja kwa kila mzunguko. Ukimwaga kanuni saba kwa pamoja utawapoteza hata walio makini.

Katika nyimbo, kosa linalorudiwa sana ni la tarehe. Kumbukumbu zinazobaki imara ni za takriban umri wa miaka 10 hadi 30, na nyimbo za ujana ndizo zinazomwinua mtu kitini. Mwandaaji wa miaka 40 huleta "zilipendwa" za utoto wake yeye, kumbe kwa mzee wa miaka 80 hizo ni nyimbo za watoto wake. Chukua mwaka wa kuzaliwa, ongeza 15, kisha 25: aliyezaliwa 1946 mtafutie nyimbo za 1961 hadi 1971. Aliyezaliwa 1960 mtafutie za 1975 hadi 1985. Hapo utaona pia kwamba "wazee" si rika moja. Wa miaka 63 na wa miaka 93 wanapishana kizazi kizima.

Sauti ya mwanamke hushuka baada ya kukoma hedhi, na pumzi za wote hufupika. Wimbo ukianzishwa kwenye ufunguo wa rekodi, yaani kimo kilekile cha sauti, kina mama wananyamaza kwenye kiitikio na inaonekana wamesahau maneno. Shusha toni mbili au tatu, punguza mwendo, weka pumziko kila mwisho wa mstari. Maneno yachapwe kwa herufi nyeusi za ukubwa wa 18 au zaidi, karatasi isiyong'aa, wimbo mmoja kwa ukurasa mmoja. Wimbo ukimliza mtu, usikimbilie kuuzima. Mtu mmoja akae karibu naye, amshike mkono akiruhusu. Wengi hutaka uimbwe hadi mwisho.

Kuhusu dansi na mazoezi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu angalau siku 3. Dansi inabeba mengi ya hayo kwa pamoja, na watu huirudia kwa kuwa inafurahisha. Hatari iko kwenye kuinuka. Baadhi ya wazee, wanaposimama ghafla, namba ya juu ya presha hushuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3. Kwa hiyo: akiwa amekaa, akunje na kunyoosha vifundo vya miguu mara 10, asogee ukingoni mwa kiti, asimame akishika kiti, ahesabu hadi 20, ndipo aanze. Kiti kiwe na mikono, kimo cha sentimita 45 hivi, kisiwe na magurudumu. Mazulia madogo yaondolewe, nyaya zibandikwe sakafuni, ndala zivuliwe na viatu vya kufunga vivaliwe. Mizunguko ya mwili isizidi nusu. Anayecheza akiwa amekaa asiwekwe ukutani. Kiti chake kiwe ndani ya duara lilelile. Maumivu ya kifua, pumzi inayomzuia kuzungumza au kizunguzungu: anakaa mara moja na msaada unaitwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tusiwasemeshe wazee kama watoto wachanga, tusiwape picha za wanyama wapake rangi wakati walijenga nyumba na kulea familia. Tena si kila raha ni ya kikundi. Yupo anayetaka redio yake, maua yake, na mtu wa kubishana naye habari za leo kwa nusu saa tu. Mwingine raha yake ni kufundisha, na ukimpa vijana wawili wa kujifunza ufundi wake, hutamwona akiulizia saa ya kurudi nyumbani.

Tunayo maombi machache kwako. Kwanza, kila kamati inayopanga shughuli za wazee iwe na wazee wasiopungua nusu ya wajumbe, wenye kupiga kura, na vikao vifanyike saa wanazoweza kufika. Pili, kumbi za umma zikaguliwe kwa mambo yanayopimika: mlango wa upana wa sentimita 90, njia ya mteremko, choo chenye vishikio kwenye sakafu ileile, viti vyenye mikono, na taa za kutosha mezani. Tatu, usafiri wa kwenda na kurudi uhesabiwe kama sehemu ya burudani katika bajeti, kwa sababu kipindi kizuri kisichofikika hakina mtu. Nne, kabla hujaondoka leo, meza ya karata ya upande wa kushoto imekuwekea nafasi. Wazee wameomba mwenza wa nne, na wamesema hawataki uwaachie ushindi.

Tunaomba kuwasilisha.