Shukrani kwa dereva wa lori aliyenisaidia Kitonga

Kaka uliyesimamisha lori lako la saruji kwenye kona za mlima Kitonga, Iringa, Jumamosi jioni, ukaweka mawe nyuma ya magurudumu yangu kabla hata ya salamu, asante sana. Jina lako sikulipata.

Pikapu yangu, Hilux ya dizeli ya mwaka 1986, ilikuwa imebeba vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, paipu ya juu ya rejeta ikapasuka katikati ya mlima. Ulinizuia kufungua kifuniko maji yakichemka, tukasubiri injini ipoe. Kisha ukakata ukanda wa tyubu ya tairi, ukauzungusha kwenye paipu kwa kuuvuta sana, ukaufunga kwa waya, ukamimina maji ya dumu lako mwenyewe. Ukaniambia nisikaze kifuniko mpaka mwisho, presha isije ikaufumua. Utingo wako (naomba umfikishie shukrani zangu) alisimama konani muda wote akiyaonya magari. Fedha ulikataa.

Gari hili alilinunua marehemu baba, na ndilo lililotusomesha. Wengi huniambia niliuze kama chuma chakavu. Wewe uligonga boneti ukasema, "Injini hii bado nzima."

Ilula nilifika salama. Mungu akulinde barabarani, kaka.