Pikipiki yenye sura ya zamani haitengenezwi kizamani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo linalowahusu wenye pikipiki na mafundi wenzetu wa Mwanza na mwambao wote wa ziwa. Zipo pikipiki kubwa zilizoundwa zifanane na za miaka ya sitini: taa ya duara, tanki la mviringo, rimu za spoku, ekzosi ya kung'aa. Wengi wanazijua kwa majina ya Royal Enfield Classic, Interceptor na Triumph Bonneville. Kwa kuwa sura ni ya zamani, zinafunguliwa kizamani: bisibisi kwanza, maswali baadaye. Mwenye chombo analipia kompyuta, pampu na koili, na tatizo linabaki palepale.

Mfano mzuri ni Bonneville. Zile za mwaka 2001 hadi 2007 zina kabureta mbili za kweli. Kuanzia 2008, kutegemea soko, Triumph iliziwekea injekta, yaani vifaa vya kupulizia petroli vinavyoongozwa na kompyuta, lakini ikazivika umbo la kabureta ili mtazamaji asigundue. Fundi akiona lile umbo anaanza kutafuta jeti, kile kitundu cha petroli cha kabureta, aisafishe. Hakuna jeti mle. Royal Enfield Classic 350 ya kuanzia 2021 nayo, pamoja na ukongwe wote wa sura yake, ina injini mpya ya sentimita za ujazo 349, injekta, sensa na kompyuta. Chombo cha kwanza kushika mbele ya pikipiki kama hizo ni multimita, kile kipimo cha umeme.

Anza na betri, hata kama taa zinawaka na honi inalia. Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, betri nzima isome volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 ni ya kuchajiwa kabla ya kupima kitu kingine chochote. Kisha mtu mwingine abonyeze stata huku unaangalia kipimo. Volti ikishuka chini ya 9.5 hivi, hiyo betri imechoka. Stata inaweza kuendelea kuzunguka vizuri tu, lakini kompyuta inapoteza fahamu kwa nusu sekunde na pampu ya petroli haipati nguvu, ndiyo maana injini haiwaki. Hapo ndipo watu wengi wameuziwa pampu mpya.

Injini ikiwaka, pandisha mizunguko hadi kama 4,000 na upime tena palepale kwenye betri. Kati ya 13.8 na 14.5 chaji iko sawa. Ikivuka 15, rektifaya, kifaa kinachodhibiti chaji, imeharibika na itachemsha betri. Ikibaki chini ya 13, usinunue kitu bado. Fuata waya tatu zinazotoka kwenye stata koili, ile koili ya kuzalisha umeme ndani ya injini na siyo stata ya kuwashia, mara nyingi ni za njano zote tatu, mpaka kwenye soketi yao. Tazama plastiki yake: ikiwa ya kahawia au imeyeyuka, umeshapata ugonjwa, na dawa yake ni soketi mpya na kuunga waya kwa risasi, siyo kuzisokota na kuzifunga selotepu. Soketi ikiwa nzima, ichomoe na upime waya mbilimbili. Ukinzani wa jozi zote tatu ulingane, na uwe mdogo sana. Kila waya kwa bodi ya pikipiki isiwe na mawasiliano kabisa. Washa injini na upime volti za AC kwa jozi zilezile: zilingane. Jozi moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, koili imeungua. Zikilingana zote na chaji bado hafifu, hapo sasa shuku rektifaya.

Erthi, waya unaounganisha hasi ya betri na chuma cha pikipiki, tunaitaja peke yake kwa sababu ndiyo inayosahaulika kuliko kitu kingine. Weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha bonyeza stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye waya wa erthi. Fungua bolti yake, kwangua rangi na kutu mpaka chuma kionekane, kaza, paka grisi juu.

Pikipiki ikigoma kabisa kuzungusha stata, kuna mlolongo wa swichi wa kupita kabla ya kufungua chochote: swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani, gia, klachi, stendi ya pembeni. Swichi ya stendi inakaa chini kabisa, na tope la moramu linaigandisha ikiamini stendi iko chini hata ukiwa umeipandisha. Dalili yake ni injini kuwaka vizuri ikiwa huru na kuzima mara tu unapoingiza gia. Maji, brashi laini na dawa ya kupulizia vinatosha. Kuikata na kuunga waya moja kwa moja, kama wengi wanavyofanya, ni kumpa dereva nafasi ya kuondoka na stendi ikiwa chini na kuangukia kona ya kwanza ya kushoto.

Stata inapozunguka lakini injini haiwaki, tumia masikio. Ukifungua swichi, pampu ya petroli inanguruma sekunde mbili au tatu kisha inanyamaza. Usiposikia, angalia fyuzi, halafu chomoa relei ya pampu (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) na uweke nyingine inayofanana nayo kutoka pikipiki hiyohiyo. Kama pikipiki ilianguka muda si mrefu, funga swichi kabisa na ufungue upya, maana Royal Enfield za injekta zina sensa inayokata petroli chombo kikilala ubavu. Pampu ikisikika, ndipo uende kwenye plagi, na baada ya hapo kwenye presha ya petroli, ambayo kwa nyingi ya hizi ni karibu baa 3.

Kuna ugonjwa mwingine unaowachosha watu barabara ya Magu na Bunda: inakimbia vizuri nusu saa, inazima, inapoa, inawaka tena. Palepale inapozima, kabla haijapoa, fungua mfuniko wa tanki. Ukisikia hewa inaingia kwa nguvu na pikipiki ikawaka, tundu la kupumulia la tanki limeziba kwa vumbi. Isipowaka, chomoa plagi na uangalie cheche. Cheche zikikosekana wakati wa joto na kurudi ikipoa, mshukiwa wa kwanza ni sensa inayosoma mzunguko wa krenki, na wa pili ni koili ya plagi. Ukisubiri ipoe ndipo upime, kila kitu kitasoma kizima.

Upande wa petroli, mwambao wetu una hatari yake. Kwenye mialo na visiwani, petroli ya chupa au dumu mara nyingi imeshachanganywa oili ya tu-stroki kwa ajili ya injini za mitumbwi, kama mililita 20 kwa kila lita. Mashine ya mtumbwi inahitaji hiyo oili; pikipiki ya foo-stroki yenye injekta haiihitaji. Plagi zinaota masizi, moshi unatoka wa bluu, na sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inapakwa uchafu mpaka taa ya injini inawaka. Uliza kabla hujanunua. Ukishaiweka kwa bahati mbaya mara moja, jaza petroli safi ya kituo juu yake na uendelee; haijaua injini. Maji ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu yanakaa chini ya tanki na pampu inanyonya kutoka hukohuko chini. Ikikohoa mara tu baada ya kujaza mafuta ya dumu, mwaga kidogo kwenye chupa angavu uache itulie dakika tano: mstari utauona.

Sasa unyevu. Wapo wanaosema kutu ya waya inaletwa na chumvi ya ziwa. Ziwa Victoria ni maji baridi, halina chumvi ya kuogopwa. Kosa ni mashine za kuoshea za presha, na ile tabia ya kuingiza pikipiki majini kabisa, ambayo licha ya kuharibu chombo inagongana na sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ili kubaki na sura safi, pikipiki hizi zinaficha soketi nyingi ndani ya kikombe cha taa kubwa na chini ya tanki. Maji yakiingia kwenye kikombe hayatoki. Zaidi ya hapo, waya za swichi ya funguo zinapinda kila unapokata usukani, na Bonneville inajulikana kwa waya hizo kukatika ndani huku ganda la nje likiwa zima. Iache ikiwaka, zungusha usukani kulia na kushoto polepole. Ikizima au taa zikicheza, usihangaike na kompyuta. Mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, fungua kikombe, chomoa soketi moja moja, pulizia dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme, acha zikauke na upake grisi ya umeme kidogo. Taa za ziada za LED zisiungwe kwenye waya wa swichi. Zipate waya wao kutoka betri, wenye fyuzi na relei. Na fyuzi ikiungua, tusiifunge waya wa shaba jamani.

Valvu zina imani potofu nyingi. Bonneville za injini inayopozwa kwa hewa hupimwa nafasi ya valvu zikiwa baridi kabisa, kwa fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia: milimita 0.15 hadi 0.20 upande wa kuingiza, 0.25 hadi 0.30 upande wa kutoa, kila kilomita 20,000. Nafasi hupungua na umri, kwa kuwa valvu inazama kwenye kiti chake. Kwa hiyo kelele ndogo haitishi. Inayonyamaza kimya ndiyo inayoweza kuungua. Royal Enfield Classic za kabla ya injini mpya, zile zilizoanza 2009, zina lifta za oili zinazojirekebisha zenyewe, na hazirekebishwi kabisa. Classic 350 mpya na Interceptor zina skrubu na nati za kurekebishia.

Oili ya injini iwe na alama ya JASO MA au MA2, ya oili za pikipiki, maana klachi inaogelea humohumo. Oili ya gari inaweza kuifanya iteleze. Cheni yenye ringi za mpira isioshwe kwa petroli, tumia mafuta ya taa. Spoku zigonge kwa spana ndogo, yenye sauti nzito imelegea, ikaze robo mzunguko tu. Taa ya ABS kubaki ikiwaka mpaka uanze kutembea ni kawaida yake.

Ombi letu kwa wauzaji wa vipuri ni kwamba pamoja na stika na sailensa za kelele, walete pia soketi, relei, grisi ya umeme na waya za kuunganishia kifaa cha kusomea makosa. Royal Enfield mpya zina plagi ya pini 6, Triumph nyingi zinasomeka kwa programu ya TuneECU. Na anayeuza pikipiki hizi amkabidhi mnunuzi kitabu chenye mchoro wa waya. Chuo cha VETA kikiweza kuweka kozi fupi ya jioni ya kupima umeme wa pikipiki, wanafunzi wa kwanza tutakuwa sisi.

Mafundi wawili wa pikipiki,
Igoma, Mwanza