Harambee ya banda la taka Mishomoroni: twachanga mabati na mizani kabla masika hayajaingia

Assalam aleikum, hamjambo nyote, shikamoo wazee wetu, na salamu nyingi kwa nyinyi wa mtaa mlioko Doha, Jeddah, Dubai na kwengineko, manake nyinyi ndio kila siku mwauliza kwenye grupu "jamani ile mambo ya taka imefikia wapi". Basi leo twawajibu, na hatuzunguki mbuyu, twaomba pesa.

Kikundi chetu cha vijana na kina mama hapa Mishomoroni, Kisauni, Mombasa, twataka kujenga banda. Si ofisi wala si jumba, ni banda la nguzo na mabati, sakafu ya saruji, wavu pembeni, mahali pa kutenga taka na kuzipima na kuziweka zisinyeshewe mpaka mnunuzi aje na gari lake. Miaka yote hii tumekuwa twafanyia kwenye ua wa mzee wetu mmoja, Mungu ambariki, hakutulipisha hata shilingi, lakini sasa anajenga vyumba vya kukodisha na ametupa muda wa kuhama, na kusema kweli amevumilia sana manake si kila mtu angekubali kuamka na magunia mlangoni. Kiwanja kipya tumepata, ni kile kipembe kilichokuwa kinatupwa taka nyuma ya mashamba ya mnazi tukielekea kwenye mikoko, barua ya ruhusa ipo na mwenye kutaka kuiona aje aione.

Mtu atauliza kwani taka nayo yataka nyumba? Yataka. Taka ikishachanganywa imekwisha, hiyo ndiyo siri yote ya hii kazi. Chupa ya maji ikiwa peke yake ni mali, ikishalala na mchuzi wa samaki na pampers ya mtoto hakuna atakayeigusa. Katoni kavu ina mnunuzi, katoni iliyopigwa na mvua usiku mmoja inakuwa uji, mnunuzi anaiangalia anaenda zake. Masika ya mwaka jana tulipoteza katoni nyingi sana kwa sababu ya turubai moja lililochanika, na hapo ndipo tukakaa tukasema basi, ama tupate paa ama tuache.

Nawaelezea kidogo kinavyokwenda maana wengi mmeona tu magunia barabarani. Chupa ikifika, mama anafungua kifuniko anakitupa kwenye ndoo yake, anachana lile karatasi la jina, anaikanyaga chupa inalala bapa, gunia. Kifuniko kinawekwa kando kwa sababu chupa na kifuniko si plastiki moja, jaribu mwenyewe nyumbani, kata kipande cha chupa na kipande cha kifuniko utie kwenye ndoo ya maji, cha chupa kitazama na cha kifuniko kitaelea. Watoto wa madrasa tuliwaonyesha wakadhani ni mazingaombwe, siku hizi wanajaribisha kila kitu mpaka mama zao wanatulalamikia. Jerikeni na ndoo zilizovunjika fungu lake, mikebe na vyuma kwa watu wa skrepa, katoni zinafungwa kwa kamba. Chupa za vioo bado zinatushinda, nzito na wanunuzi wachache, kwa hivyo tukipata za kupamba madirisha ama za kuwekea achari na asali watu wanachukua, nyingine zimekaa tu.

Na sehemu kubwa ya ndoo ya jikoni wala si plastiki, ni vitu vya kuoza. Maganda ya muhogo, maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, matumbo ya samaki, wali uliolala. Hivi vikifukiwa jaani bila hewa vinatoa gesi ya methani, ndiyo ile inayoshika moto majaani moshi ukafuka siku nzima, lakini ukivirundika tabaka kwa tabaka na majani makavu, ukavigeuza kila wiki hewa ipite, lile rundo linapata joto mpaka nyuzi 60 hivi, ukitia mkono ndani unautoa mbio, mbegu za magugu zinakufa, na baada ya miezi miwili mitatu una mbolea nyeusi inayonuka udongo. Makumbi ya nazi ndiyo sugu, hayo tunayaweka mbali, yanachukua muda wake. Mbolea tumeshaanza kuuza kwa watu wenye vitalu vya miche na wateja wanaomba zaidi ya tuliyo nayo.

Sisi watu wa Kisauni twapaswa kuwa na uchungu na hili kuliko wengine. Jaa la Kibarani lilipofungwa, pale mahali pa kuingilia kisiwani Mombasa pakapandwa miti pakapendeza, wageni wanapita wanasifu, mashallah. Lakini taka haikuyeyuka, ilielekezwa Mwakirunge, na Mwakirunge ni kwetu, ni Kisauni hii hii. Halafu kuna ile isiyofika hata huko. Lori likija linakuja, lisipokuja watu wanamlipa kijana mwenye mkokoteni aondoe, yeye anaondoa kweli, anakwenda kuitua kwenye mtaro ama kwenye mikoko usiku, mvua ikipiga inaingia mkondo wa Tudor, kisha mvuvi anavua chupa. Simlaumu yule kijana, tumempa shilingi hamsini tunataka aende nayo wapi?

Na maradhi msisahau. Ile chikungunya ya mwisho wa 2017 kuingia 2018, nani hapa hakuiona, watu wazima wanatembea wameinama kama wazee wa miaka tisini, na dengi nayo inarudi kila baada ya muda. Mbu wake si yule wa malaria wa usiku, huyu anauma mchana na anataga kwenye maji safi kidogo tu, mkebe, kopo, tairi bovu lililoachwa uwanjani. Kila kopo tunalookota ni nyumba moja ya mbu imevunjwa.

Sasa nije kwenye swali ambalo wengi mmeuliza na ni swali zuri, mbona tuchange sisi na kampuni zinazotengeneza hizo chupa zipo na zinapata faida zao? Nakubaliana na nyinyi kabisa. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema hivyo hivyo, mwenye kuleta bidhaa sokoni jukumu lake haliishii pale dukani, linamfuata mpaka chupa ikishakuwa tupu, na kanuni zake zikatoka 2024, kwamba watengenezaji na wanaoagiza bidhaa kutoka nje wajisajili na wagharamie kukusanya na kuchakata. Ujerumani ukinunua soda ya chupa ya plastiki unaacha amana ya senti 25 za yuro, ukirudisha chupa unarudishiwa. Wala si jambo geni kwetu, sote tumekua tukitumwa dukani na chupa tupu ya soda ya kioo, bila chupa muuza duka hakupi soda mpaka uache pesa ya chupa, na hukuona chupa ya soda imetupwa mtaroni enzi zile, nani atupe pesa. Plastiki ndiyo iliyotuharibia hesabu.

Lakini hiyo pesa ya kampuni haiji kukutafuta chini ya mwembe. Wanaonunua na wanaochakata wanakuuliza kilo ngapi, plastiki gani, daftari liko wapi. Sisi mpaka leo twauza kwa gunia, mnunuzi anakuja anabeba gunia kwa mkono mmoja anasema hii ni kilo kumi, utabishana naye na nini? Ndiyo maana kwenye bajeti kitu ninachokililia zaidi mimi binafsi ni mizani, hata kuliko mabati, ingawa wenzangu kwenye kamati hawakubali na wanasema mizani bila paa itapata kutu. Wako sawa pia. Tukiwa na kilo zilizoandikwa kila wiki tunaweza kukaa mezani na mtu yeyote.

Wengine wamesema taka ni kazi ya kaunti. Ni kweli, katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya kuzoa taka, na hiyo sheria ya 2022 inazitaka kaunti zijenge vituo vya kutengea taka, na inataka zinazooza ziwekwe mbali na zisizooza. Hatuwavui jukumu lao, na lori tutaendelea kulidai. Lakini hata siku kituo kikubwa kikijengwa, gari litakuja kubeba nini kama kwetu bado kila kitu kiko kwenye gunia moja na matumbo ya samaki?

Tusiambizane haiwezekani. 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, faini shilingi milioni 2 mpaka 4, watu walisema soko la Kongowea litasimama. Kongowea halikusimama, watu walirudi kwenye vikapu, wakashona vya magunia, maisha yakaendelea. Na jirani zetu Lamu walichukua plastiki ya ufuoni na malapa mabovu wakaunda dau, Flipflopi, likasafiri mpaka Zanzibar 2019, watu walipigwa na butwaa. Huko Japani kuna mji mdogo unaitwa Kamikatsu wanatenga taka mafungu zaidi ya 40, arobaini! Sisi hatuwaombi hayo, twaomba matatu tu kwa kila nyumba: cha kuoza, cha kuuzika, na kisichofaa. Pampers ziko kwenye hicho cha tatu na msituulize tena, hatuna dawa yake kwa sasa.

Bajeti basi. Banda lenyewe, nguzo, mabati na wavu ni 148,000. Sakafu ya saruji na mtaro wa kupitisha maji 62,000, hapa fundi alitaka zaidi tukamshusha. Mizani mbili, kubwa ya magunia na ndogo ya mkono, 21,000. Mikokoteni miwili 48,000. Glavu, gambuti na mapipa 31,000. Jumla 310,000. Kwenye akaunti tuna 74,000 tulizoweka wenyewe kwa mauzo ya chupa na mbolea, kwa hivyo tunachotafuta ni 236,000. Kuna waliotushauri tununue mashine ya kusaga plastiki moja kwa moja, tumekataa, stima yake hatuiwezi na ikiharibika itakuwa nyumba ya kuku. Kwanza tujue kupima.

Najua mmechoka na harambee, kila wiki kuna kadi na kila kadi ina mwenyekiti wake. Nyingine pesa zilichangwa na hata jiwe la msingi halikuonekana, twazijua. Kwa hivyo tumepanga hivi: akaunti ina sahihi tatu, wawili ni kina mama wanaotenga taka wenyewe, na risiti zote zitabandikwa ukutani kwa duka la karibu na stendi ya tuktuk, mwenye kupita asome. Namba ya kuchangia iko pale dukani na kwenye grupu, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la kikundi na si la mtu, likitokea jina la mtu usitume.

Si lazima pesa. Umejenga na umebakisha mabati, misumari, saruji hata mfuko mmoja, tuambie, pikapu ya kuja kuchukua ipo. Fundi unaweza kutupa siku yako moja. Wenye mahoteli na vibanda vya viazi karai, tupeni maganda yenu yakiwa hayajachanganywa na karatasi, huo ni mchango tosha. Na wenye harusi mwezi huu, nawaomba sana, sahani za kukodi zipo na si ghali, zile za kutupa mnatuachia sisi kesho yake tukiokota na pilau ndani.

Walio ng'ambo, mkiweza kutuma kabla ya siku yenyewe tutashukuru, fundi ametuambia akianza wiki inayofuata atamaliza kabla ya mvua za Aprili, akichelewa saruji haitakauka vizuri.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu baada ya sala ya alasiri kwenye uwanja wa shule ya msingi. Waumini wa kanisani tumeshaongea na wazee wenu na kwaya itakuja, ustadh naye amekubali kufungua kwa dua. Kutakuwa na mnada wa mbuzi, mbuzi wawili wameshatolewa. Chai na mahamri yapo ya kutosha, kila mtu aje na kikombe chake kutoka nyumbani, vya plastiki hatununui, na ukija na gunia lako la chupa zilizokanyagwa na kufunguliwa vifuniko litapimwa pale pale, mizani ya kuazima tumepata kwa siku hiyo.