Suzanne Renaud naye akumbukwe

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu nyumba za waandishi wa Ulaya, nikafurahi kuona Petrkov, kijiji cha Jamhuri ya Cheki, nacho kimetajwa. Kilichoniuma ni kwamba Suzanne Renaud ametajwa kama mke wa Bohuslav Reynek, basi. Naomba nafasi nimsemee.

Suzanne alikuwa mshairi kabla hajaolewa. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Ufaransa mwaka 1922. Reynek, mshairi, mfasiri na mchoraji wa Kicheki, alikisoma akamwandikia barua kuomba ruhusa ya kukitia katika Kicheki. Walioana Grenoble, mji wa Ufaransa, mwaka 1926, wakawa wakiishi mara Grenoble mara Petrkov hadi 1936, walipohamia Petrkov kabisa na wana wao wawili. Huko Suzanne aliendelea kutunga kwa Kifaransa chake, na mumewe akawa anamfasiri. Vita vikaja, Wajerumani wakawatoa nyumbani. Wakomunisti nao wakalitwaa shamba, Reynek akawa kibarua wa kulisha nguruwe kwenye ardhi aliyoachiwa na baba yake. Kwa miaka mingi mashairi yake hayakuchapishwa. Suzanne alifariki mwaka 1964, Reynek akamfuata 1971.

Mimi kazi yangu ni kuchapa michoro, na michoro ya Reynek naijua kwa jicho la fundi. Mara nyingi alichora kwa sindano kwenye bamba la metali bila kutumia asidi. Sindano ikipita huacha ukingo mwembamba wa metali kando ya mfereji, na wino ukishika hapo mstari hutoka laini, wenye kivuli. Ndiyo maana theluji yake, mbuzi wake na Ayubu wake wanaonekana kama wanatoka kwenye ukungu. Lakini kila bamba linapopita kwenye mashine ukingo ule hulala. Baada ya nakala kadhaa mstari unakauka. Nyingine alizitia rangi kwa mkono, moja moja. Nakala ikipotea haina mbadala, hata bamba likiwepo.

Watoto wao, Daniel na Jiří, waliishi katika nyumba ile mpaka walipofariki, wote mwaka 2014, kisha ikaingia mikononi mwa Makumbusho ya Fasihi ya Kicheki. Grenoble nako kuna chama, Romarin, ambacho kimechapisha maandishi ya Suzanne. Nawashukuru wote. Hofu yangu ni urithi huu kugawanywa: Ucheki ubaki na mwanamume na michoro yake, Ufaransa ibaki na mwanamke na vitabu vyake. Wawili hawa walifanya kazi chini ya paa moja, huyu akitunga, yule akifasiri. Anayeingia Petrkov ayakute mashairi ya Suzanne ukutani, kwa Kifaransa na kwa Kicheki, yakiwa kando ya michoro.

Nanyi, Mhariri, ukurasa wenu wa ushairi una nafasi kila wiki. Mtafuteni mfasiri, mtoe shairi moja la Suzanne na moja la Reynek, siku moja, ukurasa mmoja.

Wako,
Mchapaji michoro