Malalamiko: fundi wenu bado anaona mlango wangu

Ngamiani Kati,
Tanga.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Duka la Vifaa vya Ulinzi,
Tanga Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: KENGELE YA MLANGO YENYE KAMERA MLIYONIUZIA NA KUNIFUNGIA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kabla sijaeleza lolote, naomba jambo moja lifanyike leo hii, hata kama hamjamaliza kusoma barua: mwagizeni fundi wenu aiondoe kengele yangu kwenye akaunti yake. Kengele ipo mlangoni kwangu na fedha nimelipa mimi, lakini mwenye mamlaka nayo ni yeye. Mimi kwenye simu yangu naonekana kama mtumiaji mwalikwa tu. Mengine yanaweza kusubiri utaratibu wa ofisi yenu, hili haliwezi.

Nilikuja dukani kwenu na haja iliyo wazi. Mama yangu mzazi anaishi nami, masikio yake yamepungua nguvu, na mchana kutwa yuko uani. Mimi nafanya kazi bandarini kwa zamu. Mgeni akipiga hodi mlango wa mbele, sauti inaishia ukumbini na mama hasikii. Nilitaka kengele ya ndani ilie kwa nguvu kule uani, na mimi nikiwa kazini nimwone mgeni kwenye simu na niongee naye. Muuzaji wenu alinisikiliza vizuri, akaleta boksi, akasema, "Hii ndiyo wanayotumia Wamarekani, haina mpinzani." Hakuniuliza nyumba ikoje, umeme unapita wapi, ruta iko chumba gani, wala mlango unatazamana na nini. Nililipa shilingi 420,000 pamoja na ufundi, na risiti ya EFD ninayo.

Kwamba Wamarekani wanaitumia ni kweli, na balaa lote limetokea humo humo. Nyumba nyingi za kule zina kengele ya waya tangu zamani, inayopata umeme mdogo wa volti 16 hadi 24 kutoka kwenye transfoma iliyokwisha kufungwa ndani ya nyumba. Kengele za kamera za aina hii zimetengenezwa ziungwe kwenye waya huo. Huku Ngamiani mgeni hupiga hodi, basi; sijaona nyumba yenye transfoma ya kengele. Kwa hiyo mkaniongezea transfoma na kengele ya ndani, vyote vya huko huko. Kibandiko cha transfoma kinasomeka bila miwani: inapokea volti 120, hertz 60, inatoa volti 16. Umeme wa Tanzania ni volti 230, hertz 50. Fundi alipoona plagi ina pini mbili bapa akatoa adapta mfukoni, akaichomeka kwenye soketi yetu ya matundu matatu, akawasha.

Adapta ile inabadilisha umbo la pini, haipunguzi umeme. Transfoma inakwenda kwa uwiano: iliyoundwa kutoa 16 ikipewa 120, ukiipa 230 itatoa karibu 31, na yenyewe itachemka kwa sababu imebebeshwa mzigo usio wake. Kengele, kwa maandishi yaliyo mgongoni mwake, mwisho wake ni volti 24. Fundi hakuwa hata amemaliza chai aliyotengewa. Tulisikia mvumo, ikafuata harufu ya plastiki inayoungua, halafu kengele ya ndani ikalia mlio mmoja mrefu hadi nilipochomoa mimi mwenyewe. Transfoma imeyeyuka ubavu mmoja, na alama ya moshi ipo ukutani mpaka leo, juu kidogo ya soketi.

Jibu lenu la maandishi ndilo lililonikera kuliko moshi. Mmesema waranti haihusu "hitilafu ya umeme wa eneo husika". Ndugu Meneja, umeme wa eneo husika haukuwa na hitilafu yoyote. Friji, feni na televisheni vilikuwa vinafanya kazi muda ule ule na havijadhurika, kwa kuwa vimetengenezwa kwa umeme huu. Fundi mwingine niliyemwita alipima soketi kwa mita akakuta volti 228, yaani umeme wa kawaida kabisa. Kisichokuwa cha hapa ni transfoma yenu. Mngenipa inayopokea kuanzia volti 100 hadi 240, kama zilivyo hata chaja nyingi za simu, tusingeandikiana barua.

Kengele ina betri yake, hivyo kamera haikufa. Ila sasa inanibidi niibandue ukutani kila inapoisha chaji, na kwa kuwa kengele ya ndani imeungua, mgeni akibonyeza, mama hasikii kitu. Haja iliyonileta kwenu imebaki pale pale.

Nirudi kwenye akaunti. Siku ya kufunga, fundi aliomba nywila ya Wi-Fi aunganishe kwa simu yake, akidai yangu "inasumbua". Ilikuwa inasumbua kwa sababu inayoeleweka: kengele hii inashika mawimbi ya 2.4 GHz pekee, na simu yangu wakati huo ilikuwa kwenye 5 GHz ya ruta hiyo hiyo. Kuihamisha ni kazi ya kugusa kioo tu. Yeye akakata njia: akajisajili kwa barua pepe yake, kisha akanialika mimi. Hakuniambia, nami sikujua mpaka juzi, nilipoirudisha kengele ukutani baada ya kuichaji. Sikuwa hata nimekaa, simu ikaita, ni yeye.

"Bosi, kengele imerudi hewani. Namwona bibi hapo barazani anachambua mchele."

Aliyasema kwa bashasha, kama mtu anayeleta habari njema. Sidhani ana nia mbaya. Lakini mama yangu na ungo wake yuko kwenye simu ya mtu asiye ndugu yetu, pamoja na saa tunazotoka na tunazorudi, na maneno tunayosemezana mlangoni, kwa sababu kamera ile inanasa na sauti. Nimejaribu kuinyang'anya mwenyewe, haiwezekani. Ukibonyeza kitufe cha kuanza upya, inarudi na kudai mwenye akaunti aiachie kwanza, kwa kuwa usajili umehifadhiwa kwenye seva ya watengenezaji na si ndani ya kengele. Kwa sasa nimeziba lenzi kwa plasta ya kidonda. Kengele ya shilingi laki nne na ushei imefungwa plasta.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na duka linalofunga kamera kwenye milango ya watu haliwezi kusema haliihusu. Nataka pia mniambie ni milango mingine mingapi hapa mjini iliyosajiliwa kwa barua pepe ile ile. Wenye nyumba hao wanastahili kujua.

Madogo nayapitia tu. Kamera ilielekezwa moja kwa moja kwenye baraza la jirani. Kina mama wa pale wamenilalamikia, na wana haki, nimeigeuza mwenyewe kwa kuweka kipande cha mbao nyuma yake. Tahadhari ya mwendo, kwa kipimo alichoacha fundi, inalia kwa kila baiskeli inayopita, na Tanga na baiskeli mnaijua wenyewe. Tena hakuna aliyenitajia kwamba kutunza video kunalipiwa kila mwezi, kwa dola na kwa kadi ya benki. Usipolipa unaangalia mubashara tu, ukichelewa imepita. Ningeambiwa hilo dukani ningechukua ile yenye kadi ya kumbukumbu, iliyokuwa rafu ya chini na bei yake nafuu.

Baada ya suala la akaunti, nataka uthibitisho wa maandishi kwamba video zote za nyumbani kwangu zilizo kwenye akaunti ya fundi zimefutwa. Halafu mchague: mnirudishie fedha zangu zote, au mniletee kengele ya betri yenye kengele ya ndani isiyotumia waya, inayochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230. Mkichagua kuleta, aje kwanza mtu apime nguvu ya mawimbi pale mlangoni. Ruta iko chumba cha nyuma, kuta za nyumba hii ni nene, na sitaki kufungiwa kitu kingine kwa kukisia. Usajili utafanyika kwa simu yangu, mikononi mwangu. Rangi ya ukuta mtanilipia kwa vyovyote.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa iwe inafaa kwa kazi hiyo. Mimi nilieleza, muuzaji wenu akachagua. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maana nitaipeleka kwenye taasisi zilizotajwa hapa chini.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha za kibandiko cha transfoma na za ukuta, na jibu lenu. Transfoma yenyewe ninayo na sitaitoa, ila mnakaribishwa kuja kuikagua nikiwa nyumbani. Atakayekuja asiwe fundi yule, na apige simu kwanza.

Wenu,

Mteja, Ngamiani Kati.

Nakala zitakazopelekwa muda ukipita:
Tume ya Ushindani (FCC)
Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi