Miti ya bustani zetu iwekewe majina

Bwana Mhariri, Assalaam alaykum.

Habari mliyoitoa juu ya Bustani ya Victoria pale Vuga imenitoa kimya, nami si mtu wa kuandika magazetini. Mmeeleza vizuri kwamba palikuwa pa harimu (wake na masuria) ya Sultani Sayyid Barghash, wananchi wakafunguliwa milango zama za Sultani Sayyid Hamoud, na kwamba Balozi wa Kiingereza John Kirk aliongeza chai, kahawa na kakao. Ila hamkuuliza mtoto wa skuli akiingia katika bustani zetu za mjini leo ataitambuaje miti.

Nilimpeleka mjukuu wangu katika bustani moja ya kale, jina naliacha. Mwalimu wake kawataka waandike miti kumi. Tumezunguka kote, hakuna kibao hata kimoja. Nikaokota jani lililoanguka, nikalifikicha, nikamnusisha: mdalasini. Papo hapo mlinzi akatujia mbio, “Mzee, hapa hapachumwi majani, tokeni!” Nikamwonyesha kuwa jani ni la chini, nikamuuliza mti wenyewe unaitwaje. “Mimi nalinda tu, mzee.” Kijana simlaumu, hakuna aliyemfundisha. Lakini hatua mbili kutoka hapo pana mti umepigiliwa misumari mitatu ya inchi nne, umetundikwa tangazo la chumba cha kupangisha, utomvu umechuruzika hadi kwenye mizizi na kuganda mweusi. Hilo mlinzi halioni! Tangazo la chumba limepata nafasi kwenye shina, jina la mti halikupata, na mtoto karudi nyumbani na miti minne daftarini, yote niliyomtajia mimi.

Na huko mabarabarani ndiyo balaa zaidi. Wanakuja watu na mapanga kupisha nyaya za umeme, wanakata upande mmoja mpaka mti unalalia njia, kisha upepo wa kusi ukiuangusha tunaambiwa ulikuwa mbovu.

Nataka vibao vya bati, ukubwa wa kiganja. Kiandikwe jina la Kiunguja, la Kipemba likiwa tofauti, la Kilatini, na mti ulikotoka: mkarafuu Maluku, mdalasini Sri Lanka. Wasipigilie msumari, wafunge kwa waya wenye springi, shina likinenepa lisikatwe. Wanaoijua miti wapo, Kizimbani kwenye utafiti wa kilimo na mashambani kwa wazee wetu, waitwe kabla hawajatutoka. Maandishi yawe meusi juu ya nyeupe, nyekundu hufifia juani.

Mwalimu mstaafu,
Kikwajuni, Unguja